Nani huyu wa gauni la njano? Uzi kwa wenye albamu za picha zisizo na maneno

Mpwa wa Ilala (mleta uzi):

Wakuu kwema? Uzi mrefu kidogo huu na hauna hela ndani yake, kwa hiyo anayetafuta michongo apite tu kimya kimya.

Bi mkubwa wetu alitangulia mwaka juzi. Baada ya arobaini tukafungua tranka lake, lile la bati la enzi za bodingi, chini ya vitenge ambavyo hakuwahi hata kuvishona tukakuta albamu 3 na bahasha ya kaki imejaa picha mpaka imechanika. Nilikaa nazo usiku ule nikazihesabu, zipo 214. Zenye maandishi nyuma ni 11. Kumi na moja tu jamani! Nyingine zote nyuma nyeupe pee, labda na muhuri wa studio uliofutika nusu.

Alafu kuna huyu dada wa gauni la njano. Yupo kwenye picha 4. Moja wako na mama viwanja vya Mnazi Mmoja wamekaa kwenye nyasi na soda, moja wako studio mbele ya lile pazia la kuchorwa lenye maporomoko ya maji na ndege, mbili wako nje ya nyumba ambayo sisi watoto hatuijui. Kwenye hizo mbili za mwisho moja amembeba mtoto na huyo mtoto ni MIMI. Yaani mtu kanibeba, ananichekea, na jina lake silijui. Nikampelekea mzee, akavaa miwani, akaangalia weee, akasema "huyu si yule rafiki yake mama yenu". Basi, jibu ndo hilo.

Sasa kati ya zile 11 ipo moja ambayo mjomba alimtumia mama kutoka Tabora. Kijana, suruali bugaluu, mkono mmoja kiunoni mwingine kwenye usukani wa baiskeli. Nyuma kaandika kwa peni ya bluu: "Pokea picha hii dada iwe ukumbusho. Baiskeli ni ya Selemani, yangu bado. Mei 1979."

Yangu bado! Aisee hayo maneno mawili yalinimaliza. Ukiiangalia picha unaona kijana na baiskeli yake anajidai, ukigeuza unakuta hana baiskeli, anaitamani, na hataki kumdanganya dada yake. Isingekuwa hivyo sisi wapwa tungekuwa tunawasimulia watoto wetu kwamba mjomba alimiliki baiskeli tangu 79, na tungekuwa waongo bila kujijua.

Basi tangu hapo nimeanza kutengeneza kitabu. Nimekata karatasi za manila saizi ya A4, nimetoboa pembeni nikafunga na kamba ya viatu, ukiwa na hela peleka wakubaindie. Ukurasa mmoja picha moja, mbili zikizidi, na pembeni naandika kwa mkono wangu.

Na hapo ndo nilipokwama mwanzoni mana nilikuwa naandika kama mtangazaji wa redio. "Hapa ni sikukuu ya Idi, tumevaa nguo mpya." Sasa si inaonekana? Nguo mpya zipo, puto zipo, watoto watatu wamekodoa macho mbele ya kamera. Nikararua. Nikamuita dada yangu tukakaa na ile picha mpaka chai ikapoa, mwisho nikaandika hivi: "Kitambaa ni kimoja sote watatu, kilichobaki kikashonewa foronya. Kiatu cha dada cha kushoto kilikuwa kinabana, alikivua mara tu baada ya picha akarudi Ilala peku, na mama hakumgombeza kwa sababu ilikuwa Idi." Hapo dada akaanza kulia, alafu akacheka, alafu akasema foronya ile bado anayo.

Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Mletee mwanamke wa Dar kanga isiyo na jina uone, atakuuliza umemletea pazia? Picha tunaziachaje bila jina miaka yote hii.

Maswali yangu kwa wajuzi: wino gani haufutiki, na je yale mambo ya ndani ndani, ugomvi, aibu za familia, tunayaandika au tunayaruka?

Kiti cha Dirishani:

Nimewahi siti. Naleta na kahawa.

Chuma Chakavu:

Mkuu pole kwa msiba ila hii nyingine ni mambo ya kizungu. Nani ana muda wa kukata manila na mkasi kama yuko chekechea? Simu yangu ina picha elfu 8 na zote zipo zimehifadhiwa mtandaoni, hata simu ikiibiwa Kariakoo sina presha.

Mpwa wa Ilala:

Elfu 8 safi. Ifungue ya elfu 3 na kumi na mbili uniambie nani alikuwa ameshika simu na kwa nini shemeji amenuna.

Chuma Chakavu:

Hahaha nimefungua kweli. Ni sahani ya chipsi. Sikumbuki ni ya wapi.

Msomi wa Mwenge:

Niongezee hapo kwenye "mambo ya kizungu". Ni kweli wenzetu Marekani na Uingereza hobi ya kubandika vitu kwenye vitabu ilishamiri tangu karne ya 19, watu wanabandika vipande vya magazeti, kadi, maua makavu. Mark Twain yule mwandishi mwaka 1873 alipata hataza (haki ya uvumbuzi) Marekani ya kitabu ambacho kurasa zake zimeshapakwa gundi, wewe unalowesha tu unabandika, mana alikuwa amechoshwa na adha ya gundi. Siku hizi imekuwa biashara kubwa huko, kuna stika, kuna riboni, makaratasi ya rangi, ukiingia unaweza kumaliza mshahara kwenye mapambo tu alafu maneno ukaandika "siku njema" basi. Hapo mimi naungana na mleta uzi. Mapambo yetu yanatosha kuwa machache. Ila kuandika nyuma ya picha "pokea ukumbusho huu" na kuituma kwa basi kwa mtu anayekwenda mjini, hilo hatukufundishwa na mzungu yeyote, hata barua zetu zilikuwa na mtindo wake, salamu kwanza, madhumuni baadae.

Fundi Karatasi:

Nimekuja kwenye wino. Nipo kwenye steshenari na uchapaji Kariakoo miaka mingi kidogo kwa hiyo nisikilizeni vizuri hapa mana nawaona watu wanavyoharibu kila siku.

Kwanza peni ya kawaida nyuma ya picha, acha. Ukikandamiza inatokeza mbele, utaona mstari kwenye shavu la bi harusi. Alafu picha hizi za kisasa za rangi karatasi yake imepakwa plastiki mbele na nyuma, wino haunywi, unakaa juu juu, ukiweka picha ya pili juu yake imekula chapa. Makapeni nayo usijaribu, inapenya. Zile picha za zamani za karatasi kavu penseli laini inatosha na haifutiki yenyewe, andika taratibu pembezoni. Kwa hizi za kisasa usiandike kwenye picha, andika kwenye karatasi ya pembeni kama anavyofanya mleta uzi, na kalamu tafuta iliyoandikwa pigimenti au kwamba haifutiki kwa maji wala mwanga. Zinapatikana, waulize wauza vifaa vya wachoraji.

Pili, zile albamu za kurasa zenye mistari ya gundi na nailoni juu, mnazijua, kila harusi ya miaka ya 80 na 90 ipo humo. Ile gundi ndo inayokula picha, ndo mana kurasa zimekuwa za kahawia. Kama bado zinabanduka zitoe. Kama hazibanduki USIVUTE, piga picha ukurasa mzima na simu kwanza, alafu pitisha uzi mwembamba wa kusafishia meno chini ya picha polepole kama unakata sabuni.

Tatu, usipige picha halisi laminesheni. Najua wabongo tunapenda, vyeti, kadi za kliniki, kila kitu laminesheni, lakini ukishaipitisha kwenye moto ule hakuna kurudi. Na usibandike picha kwa gundi moja kwa moja, kata kona nne za karatasi nyeupe, chomeka picha kwenye kona, ili mjukuu akitaka kuitoa akaiskani aitoe.

Lingine nilitaka kusahau. Risiti na tiketi za mashine zile nyeupe laini, mnaoweka kwenye kitabu kumbukumbu ya safari ya Unguja, baada ya muda utakuta karatasi tupu. Maandishi yake yanatoka kwa joto na yanapotea kwa joto, na joto la hapa mnalijua. Toa kopi ndo ubandike kopi. Ukiprinti kwa printa za wino wa maji nazo tone moja la jasho maneno yameondoka, tumia zile za toner, wino wa unga, au andika kwa mkono.

Binti Pangani:

@Fundi Karatasi ubarikiwe, nimepiga skrinshoti yote. Nilikuwa naelekea kulaminishia picha ya babu kesho asubuhi wallahi.

Mwandiko wa Kuku:

Mi shida yangu ni jina langu hilo hapo juu. Mwandiko wangu hata mimi mwenyewe kesho yake siuelewi. Siwezi kutaipu kwenye kompyuta nikaprinti nikabandika?

Mama Pacha:

Mwanangu andika hivyo hivyo. Mimi cha mkono wa marehemu bibi yangu ninacho kimoja tu, kikaratasi alinituma dukani, sukari nusu, mafuta ya taa, nazi mbili, na nazi kaandika "nasi". Hata picha yake sikai nikaitazama kama ninavyokitazama kile kikaratasi. Kama unaogopa taipu yale marefu, alafu chini weka mstari mmoja kwa mkono na jina lako na mwaka.

Mzee wa Pantoni:

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Mimi nachangia kwenye miaka, mana naona vijana mnaandika mwaka kwa kukisia tu.

Ile tarehe ya rangi ya chungwa kwenye kona ya picha msiiamini. Kamera zile betri ikiisha ukiweka mpya tarehe inaanza upya, wengi hatukujua kuirekebisha, mimi nina picha za mahari ya binti yangu zinaonyesha tarehe ambayo binti mwenyewe alikuwa hajazaliwa. Tazameni nyuma ya watu. Ukiona basi la UDA, lile shirika la usafiri la Dar, ujue ni 1974 au baada yake. Ukiona basi la mwendokasi ni 2016 kuendelea. Picha ya Kurasini kwenye mkondo haina daraja la Kigamboni, ni kabla ya 2016. Soko la Kariakoo na yale mapaa yake ya miavuli ya zege limejengwa miaka ya 70, kwa hiyo ukiliona ujue picha si ya kabla ya hapo, ila hapo una nafasi pana. Sanamu ya Askari haikusaidii kitu, ipo pale pale tangu 1927.

Na ukishindwa kabisa andika "kabla mdogo wetu hajazaliwa" au "tulipokuwa tunakaa Magomeni". Hiyo ni tarehe pia, tena wanafamilia wanaielewa haraka kuliko namba.

Mpwa wa Ilala:

Shikamoo mzee. Hiyo ya miavuli ya Kariakoo imenisaidia sasa hivi hivi, nna moja mama amebeba kikapu na paa linaonekana nyuma, nilikuwa nimeandika "miaka ya 60". Nafuta.

Mzee wa Pantoni:

Marahaba. Usifute, kata kwa mstari mmoja uandike juu yake. Wajue ulikosea.

Tandale Sokoni:

Naomba niulize lile la mleta uzi ambalo hamjaligusa, mambo ya ndani. Mimi albamu ya harusi yangu nimemkata yule bwana kwa mkasi picha zote 36, nilikuwa na hasira, film nzima imebaki bi harusi na bega la mtu. Sasa mwanangu ana miaka 9 anauliza hilo bega la nani. Naandika nini hapo?

Chuma Chakavu:

Andika "bega la kukodi" 😂

Tandale Sokoni:

😂😂 nimecheka nikiwa kwenye daladala watu wananiangalia

Mama Pacha:

Dada nikuambie mimi nilivyofanya, na yangu haikuwa talaka ila inafanana. Nina picha na dada yangu wa tumbo moja, tumekaa miaka 6 hatusemezani kwa ajili ya kiwanja. Niliacha ukurasa wake wazi muda mrefu. Mwishowe nikaandika ya siku ile ya picha tu, kwamba tulipanda boti akatapika mpaka akavua viatu, na kwamba alinisuka nywele usiku kucha tukiwa na kibatari. Ya kiwanja nimeandika kwenye karatasi tofauti nimeikunja nikaiweka kwenye bahasha ndogo nimeibandika nyuma ya ukurasa, juu nimeandika "afungue aliyefikisha miaka 25". Mwanao mwambie bega ni la baba yake na suti aliiazima kwa nani. Mengine bahasha.

Tandale Sokoni:

Suti aliazima kweli! Kwa bosi wake. Umejuaje?

Mama Pacha:

Wote waliazima mwanangu.

Mtu wa Jangwani:

Mnaongea vizuri ila mimi sina cha kuandikia pembeni. Maji yaliingia usiku, tulitoa watoto na godoro, asubuhi albamu imekuwa kama andazi. Tukazianika juani zikiwa zimegandana, ndo zikashikana moja kwa moja. Baadae sana nikaja kuambiwa ilitakiwa kuzitia kwenye beseni la maji safi ya baridi, zikiachana zenyewe unazianika kivulini uso ukiwa juu. Nilichofanya nimechukua kaunta buku nikaandika picha zilizokuwepo. "Ukurasa wa kwanza baba amesimama na Land Rover ya kazini, kofia imeelekea kulia." Nimefikisha 41. Mke wangu anasema nyingine nazitunga, labda kweli.

Kiti cha Dirishani:

Daah. Kahawa imenikaba.

Fundi Karatasi:

@Mtu wa Jangwani hizo zilizoshikana bado unazo? Usizitupe. Loweka moja ya majaribio kwenye maji safi usiivute, picha za studio zamani huwa zinakubali. Pasipo ahadi lakini.

Mtu wa Jangwani:

Zipo kwenye mfuko wa rambo juu ya kabati. Ntajaribu moja jumamosi.

Binti Pangani:

Mi nimekaa na bibi mchana huu na albamu yake nikagundua kitu. Ukimuuliza "huyu nani" anasema simkumbuki na anaanza kuona ametiwa kwenye mtihani. Nikabadilisha nikamuuliza "siku hii mlikula nini", weee, alianza na pilau akaenda mpaka kwa mpishi aliyekimbia na sufuria, majina yote yakatoka yenyewe, nilirekodi dakika 50 kwenye simu. Usiku naandika mbili tatu kwenye karatasi kwa maneno yake yeye, sijasahihisha kitu, ametamka "potoleo" naandika potoleo.

Mpwa wa Ilala:

Wakuu narudi na mrejesho wa gauni la njano.

Jana nimepeleka zile picha 4 Mbagala kwa shangazi, mama mdogo naye alikuwepo. Shangazi kaangalia akasema bila wasiwasi: huyo alikuwa mpangaji mwenzake mama yako kule Ilala Bungoni, alikuwa anafanya kazi kiwanda cha nguo, alihamia Morogoro na hakurudi. Mama mdogo akamkatiza, akasema kiwanda gani, huyo alikuwa mkunga, ndo aliyekuzalisha wewe, ndo mana amekubeba. Wakabishana mpaka ubwabwa ukaungua. Shangazi anasema mkunga alikuwa mnene. Mama mdogo anasema shangazi miaka hiyo hata Dar alikuwa hajaja. Jina mmoja anasema Rehema, mwingine anasema Rahma.

Nimeandika zote mbili. Kushoto "kwa mujibu wa shangazi", kulia "kwa mujibu wa mama mdogo", na katikati nikaandika ubwabwa uliungua. Nikaacha nafasi chini ya ukurasa, kama vidole vinne.

Mama Pacha:

Mwanangu hizo picha mbili za nje ya nyumba, huyo dada amejifunga kanga au kavaa gauni peke yake? Mana sisi wanawake wa zamani hatukuwa tunajifunga kanga hivi hivi siku ya picha. Mimi nina ya harusi ya wifi yangu, mama mkwe kajitanda "Mdhaniae ndiye siye" kasimama karibu kabisa na bi harusi, na watu miaka yote wanaipita wanasema picha nzuri. Soma jina kwanza.

Mpwa wa Ilala:

Mama shikamoo. Ipo moja, amejifunga kiunoni juu ya gauni, ndo hiyo aliyonibeba. Sikuwahi kuiangalia kanga. Ngoja nikatafute tochi.

Kiti cha Dirishani:

Hapa sitoki.

Mpwa wa Ilala:

Nimerudi. Herufi ni ndogo, nimetumia kioo cha kukuzia cha mzee. Linasomeka WEMA HAU, iliyobaki imeingia kwenye mkunjo na mguu wangu umeziba pembeni. Nimeiandika kwenye zile nafasi za vidole vinne, ilivyo hivyo hivyo, imekatika.